Majina Tuliyoyachoma Kipwe

Kipwe, Jumatatu, 8 Julai 2024

Yaya Marthe,

Dada yangu, barua hii itakufikia kwa mkono wa Papa Germain, mchuuzi wa samaki, migebuka mikavu, ambaye mashua yake hupita hapa kila baada ya siku tatu au nne. Kipwe hakuna mtandao. Anayetaka kupiga simu hutembea hadi Mpala, saa tano za mawe na miinuko, kwa hiyo nimerudia kalamu, na sijutii: kwa simu hunikatiza kabla sijamaliza hoja.

Siku ile bandarini ulisema kwamba vijana wa mjini huenda vijijini kupigwa picha na watoto waliovaa matambara. Nakujibu kwa vitendo. Tuko vijana wanane wa kanisa, na kwa wiki moja tumeezeka upya madarasa mawili, tumechimba choo cha shule hadi kina kinachozidi urefu wangu, na Falone, mdogo kuliko wote, binti wa Mama Mado, anawafundisha akina mama kusoma kila alasiri. Wanamfuata kama kuku wanaomfuata mwenye mtama. Hakuna aliyeugua, hakuna aliyegombana, isipokuwa mimi na Chris juu ya vipimo vya kenchi, na mimi ndiye niliyekuwa sahihi.

Lakini ninalotaka kukusimulia ni la jana. Wewe uliyerudi kwa Wakatoliki huenda umesahau desturi yetu ya karatasi za maombi: kila mwamini huandika hitaji lake, karatasi hukusanywa katika karai, huombewa, kisha huchomwa mbele ya wote, na moshi unapopanda tunakiri kwamba shauri limetoka mikononi mwetu. Ni ishara tu, wala sijawahi kuidai kuwa zaidi ya hapo; nimebishana na Pasta Josias mara nyingi kuhusu wale wanaochungulia moshi umeelekea wapi.

Hapa wengi hawaandiki. Ndipo nilipopitisha uamuzi ambao najivunia. Nilizunguka nyumba kwa nyumba kwa siku tatu, na kila kaya nikaiandikia karatasi yake: jina la mkuu wa nyumba, jina la baba yake, jina la mama yake, kijiji cha asili, kisha maneno "na watoto wake", na mwisho hitaji. Sikutaka maombi ya jumla. Sheria imenifundisha kwamba mtu asiyetajwa kikamilifu hajatajwa. Karatasi sitini na tatu, zote kwa mwandiko wangu. Ya kwanza ilikuwa ya Papa Kalenga, mvuvi mwenye nyavu nyingi kuliko wote. Ya pili ya Mama Élisabeth, mjane anayewalaza wasichana wetu na kutupikia bukari na samaki. Watu walinipa majina kwa wepesi ulionishangaza. Bibi mmoja alinirudisha njiani kwa sababu nilikuwa nimemsahau mjukuu wake.

Jana baada ya ibada tuliziombea, nikazisoma moja baada ya nyingine, nikaziwasha. Yaya, laiti ungekuwepo. Kijiji kizima kilinyamaza. Hakuna aliyekohoa. Mtoto mmoja alitaka kusogea, mama yake akamvuta kwa nguvu. Kalemie sijawahi kuona uchaji wa namna hiyo.

Mdogo wako,
Guelord

*

Kalemie, Alhamisi, 11 Julai 2024

Guelord mdogo wangu,

Nimetoka zamu sasa hivi, nimezalisha wanawake wanne kwa siku moja, na miguu imenivimba kama ya Mama. Nimeisoma barua yako nikiwa nimeiweka kwenye beseni la maji ya chumvi. Miguu, si barua.

Nimefurahi kuhusu madarasa. Kuhusu kenchi namhurumia Chris.

Sasa nikuulize. Barua yako ina kina cha choo, ina idadi ya karatasi, ina hata kuku. Haina jambo moja: kabla hujachoma, uliwaambia watu kwamba zitachomwa? Nimesoma mara mbili kutafuta sentensi hiyo.

Na jina la mama, ulilihitaji la nini? Wewe umekulia kwenye fomu, tangu shule hadi chuo kikuu kila mlango ulikuuliza jina la baba na la mama, ukaona ni jambo la kawaida kama kuulizwa saa. Kumbuka Baba. Sokoni mtu akimuuliza jina la mama yake, alikuwa anacheka na kutaja la uongo, kisha njiani anatuambia kwamba anayelitafuta jina hilo ana kazi nalo. Hukulicheka lile ulipokuwa mdogo. Ulijificha nyuma ya shati langu.

Kunyamaza si uchaji kila mara. Wodini kwangu watu hunyamaza hivyo hivyo daktari anaposhika faili bila kuwaangalia usoni.

Usinijibu kwa kurasa tano. Waulize tu walidhani ile karatasi ilikuwa ya nini.

Mimi mzima. Nachoka kidogo, ni kazi. Shemeji yako Chérubin bado yuko Manono, anakusalimu.

Marthe

*

Kipwe, Jumamosi, 13 Julai 2024

Yaya Marthe,

Barua yako, kama uliniandikia, bado sijaipata. Upepo wa kusini umemzuia Papa Germain. Hii naituma kwa watu wa Moba waliofunga mashua yao hapa kusubiri maji yatulie.

Papa Kalenga amefariki. Jumatano alikuwa anavuta wavu na wenzake. Jioni tumbo likamvimba na kuwa gumu, akatapika, na Alhamisi kabla ya adhuhuri akakata roho. Tulikwenda mazishini sote wanane. Watu walitupisha, wakatuachia nafasi kubwa kupita kiasi, na hakuna aliyetupa mkono.

Naona wazi mawazo yao yanakokwenda, na naona wazi pia yanakokosea. Jambo kuja baada ya jingine si ushahidi kwamba limeletwa nalo. Jumapili hiyo hiyo jogoo waliwika, mvua haikunyesha, na Chris alivunja mpini wa nyundo. Mbona hakuna anayeushtaki mpini? Nilimweleza hivyo chefu wa kijiji, Papa Numbi, mzee mpole mwenye sauti ndogo. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema kwamba nimesoma kweli kweli.

Kisha Falone akanijia na jambo ambalo akina mama wa darasa lake wamemwambia. Mwaka jana walikuja watu wengine wakiwa na madaftari, wakaandika kaya zote namna hii hii, na baada ya mwezi wakaleta vyandarua. Asiyeandikwa hakupata. Basi nilipopita mimi, Kipwe yote ilidhani naandikia vyandarua. Ndiyo maana walinipa kila jina, la baba, la mama, la mjukuu aliyesahaulika; waliogopa mtoto asije akakosa chandarua. Jumapili wakaniona nayasoma majina hayo kwa sauti na kuyatia moto.

Falone alilia akinisimulia. Nilimwambia machozi si hoja. Sasa naona kwamba nilikuwa mkali, lakini kiongozi hawezi kulia pamoja na anaowaongoza.

Limebaki moja. Tangu jana Mama Élisabeth amelala kwenye mkeka na hataki kula. Hana homa, hahari, hakohoi. Nilikaa karibu yake nikamuuliza anaumwa wapi. Akasema kwa utulivu ulioniudhi:

"Sina pa kuumia, baba. Wa kwanza amekwenda. Mie njo wa pili."

Nilimfafanulia kwa karibu saa nzima maana ya ishara, tofauti kati ya karatasi na mtu, na mpangilio wa karatasi ambao ulitokana tu na njia niliyopita. Alinishukuru. Kisha akageukia ukutani.

Hakuna haja ya kuhangaika. Tutamaliza kazi na kurudi tarehe 23 kama ilivyopangwa.

Guelord

*

Kalemie, Jumatatu, 15 Julai 2024

Guelord,

Barua yako ya Jumamosi imefika leo, na hii naikimbiza kwa Papa Germain, ambaye hatimaye anaondoka. Atakupa mbili kwa pamoja.

Kwanza Papa Kalenga. Muulize mjane wake kama mumewe alikuwa na uvimbe kinenani, kama alikuwa akijifunga kitambaa kiunoni kabla ya kwenda ziwani. Wavuvi wengi wanao na hawasemi. Siku moja utumbo unanasa hapo, tumbo linavimba, mtu anatapika, na kama hakuna pa kumpasua, siku mbili ni nyingi. Nadhani ndicho kilichomuua. Lakini nakusihi, usimpelekee mjane maelezo hayo kama zawadi.

Pili Mama Élisabeth, na hapa nisikilize kama muuguzi. Kutokula si hatari ya leo. Kutokunywa ndiyo hatari. Falone ampe maji kijiko kwa kijiko, maji yaliyochemshwa, chumvi kidogo na sukari. Si wewe. Falone. Na usimhubirie tena. Nimeona watu waliokwisha kuamua kufa, wakafa, na kwenye cheti tukaandika kitu kingine kwa sababu fomu haina nafasi ya kuandikia hilo. Akifa huyo mama, hakuna hoja duniani itakayowatoa ninyi wanane hapo kijijini. Naamini unalijua hilo. Barua yako hailisemi.

Nilikwenda kwa Pasta Josias. Yuko semina Kalima hadi mwisho wa mwezi, na waliobaki kanisani wanasema tusiwatie watu hofu. Mama Mado hajui kitu. Alinikuta sokoni akaniuliza habari za Falone, nikamwambia anafundisha vizuri. Nimemdanganya mama wa watu kwa ajili yako.

Unaogopa? Jibu hilo moja. Mwandiko wako umeanza kuinama upande wa kushoto.

Marthe

*

Kipwe, Alhamisi, 18 Julai 2024

Yaya Marthe,

Nimepata barua zako mbili. Ya kwanza niliisoma kwa hasira, na ya pili nikajikuta nairudia ya kwanza.

Ulikuwa sahihi kuhusu kitambaa. Mjane anasema Papa Kalenga alijifunga miaka kumi. Nilimwendea chefu na habari hiyo nikiwa karibu kufurahi, Mungu anisamehe. Nilieleza kinena, utumbo, kila kitu, na wazee wakatikisa vichwa. Papa Numbi akasema polepole:

"Ile ugonjwa alikuwa nayo miaka kumi, mwanangu. Jina yake mulichoma Jumapili."

Nikamshukuru, nikarudi shuleni. Ni mara ya kwanza nakumbuka kumwachia mwingine neno la mwisho.

Tangu Jumatatu mashine ya mashua yetu imefunguliwa na kuwekwa ndani ya nyumba ya chefu, isije ikaibiwa, wanasema, na wanasema kwa adabu. Wanaume wamehamishia kazi ya kushona nyavu mbele ya shule tunamolala sisi wavulana. Hapo hapajawahi kushonewa nyavu. Nyuzi zinashika kwenye changarawe, na wao wenyewe wanalalamika. Lakini wanakaa, kutwa, wanatusalimu, wanawauliza wasichana kama wamelala vizuri. Falone akienda kuchota maji, wawili wanainuka na kutembea nyuma yake. Jana alirudi na ndoo tupu. Alisema hakuthubutu kuinama majini nao wakiwa nyuma yake.

Mama Élisabeth anameza maji kutoka mkononi mwa Falone. Chakula hataki. Leo ni siku ya saba. Mashavu yameingia ndani, na anapofumbua macho ananitafuta mimi, si kwa chuki, bali kama mtu anayesubiri gari na kumwangalia dereva.

Umeniuliza swali moja. Ndiyo, naogopa. Naogopa atakufa, na naogopa watakachotufanyia akifa.

Jana waliita mkutano. Nilijiandaa kwa matusi, kwa kipigo hata. Papa Numbi aliuliza tu kama bado nasema yale yalikuwa makaratasi. Nikasema ndiyo. Akasema basi niandike yangu. Jumapili, mahali pale pale, karai lile lile, namna ile ile: jina langu, la baba, la mama, kijiji cha asili. Kwa kuwa sina mke wala watoto, niandike aliyetoka tumbo moja nami, na watoto wake. Niyasome kwa sauti, niyachome kwa mkono wangu. Wenzangu hawahusiki, kalamu ilikuwa moja. Wakamuuliza Mama Élisabeth, aliyebebwa hadi pale kwenye mkeka, kama hilo litamtosha. Akasema siku hiyo atakula.

Nilikubali papo hapo, Yaya, na nadhani nilitabasamu. Ni bei gani hiyo, nilijiambia, wino na kiberiti kwa uhai wa mtu na uhuru wa watu wanane?

Nikarudi shuleni, nikachukua karatasi ili niandike mfano. Nikaandika jina langu. Nikaandika la Baba, ambaye hakuna moto unaoweza kumdhuru tena. Nilipofika kwa Mama, aliyeko Kabalo, mzima, ambaye saa ile labda alikuwa anapepeta mpunga wake uani, mkono ukasimama. Nilidhani ni uchovu. Nikala, nikarudi, nikashika kalamu. Ukasimama tena mahali pale pale. Nimekaa mbele ya karatasi ile tangu adhuhuri hadi jua limefika mlimani, mimi niliyeandika majina ya mama sitini na watatu bila kunyanyua kichwa.

Kwa hiyo nafanya sasa nilichopaswa kufanya na kila mtu wa Kipwe: naomba ruhusa. Nakuomba ruhusa ya kuandika jina lako, na umuulize Mama kwa simu kuhusu lake. Maneno "na watoto wake" kwako ni maneno matupu, kwa kuwa huna. Lakini jina ni lako. Papa Germain anaahidi kugeuza haraka. Jibu linifikie kabla ya Jumapili tarehe 21. Nisipolipata, itanibidi niamue peke yangu.

Guelord

*

Kalemie, Jumamosi, 20 Julai 2024

Guelord mdogo wangu,

Germain amenikuta kazini na anasubiri mlangoni kofia mkononi, kwa hiyo naandika kwa haraka.

Mama nimempigia. Akauliza kama hakuna njia nyingine. Nikasema hakuna. Akasema: "Basi aandike, lakini asome vizuri, asiniite kwa lile jina la kazini." Kisha akacheka, na nikasikia kwamba kicheko kilimgharimu. Ndivyo alivyokubali.

Langu liandike. Sina kinyongo.

Lakini usiandike "na watoto wake".

Hiki ndicho nilichokuwa nakificha, wala sikukusudia kukuambia kwa njia hii. Nina mimba ya miezi mitano. Wale wawili waliotangulia unawajua, tuliwazika hata hawajapata majina, na mara hii mimi na Chérubin tulikubaliana kutomwambia mtu hadi mwezi wa saba, hata Mama. Miguu yangu haikuvimba kwa sababu ya zamu.

Najua utakachosema. Usikiseme. Mimi ndiye muuguzi, najua mtoto anavyofia tumboni, nimewaosha kwa mikono hii, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa karatasi. Nalijua hilo nikiwa nimesimama, nikiwa nimekaa, nikiwa nazalisha. Na bado nakuomba usiandike. Usinijengee hoja wala kunitafutia jina la hali hii katika vitabu vyako.

Mwambie chefu dada yako hana watoto na maneno hayo yaachwe. Akikataa, mwite pembeni umwambie ukweli. Atauelewa upesi kuliko wewe.

Germain anagonga. Nenda.

Marthe

*

Kipwe, Jumatatu, 22 Julai 2024

Yaya,

Wenzangu wanapakia mashua. Naandikia juu ya kreti, na Falone atakukabidhi barua hii kwa mkono wake. Mimi sirudi nao, nitaeleza.

Papa Germain alifika leo asubuhi. Ziwa lilimshika Jumamosi usiku kucha na jana kutwa, akalala kwenye ghuba. Alinirushia bahasha yako kabla hajashuka, akicheka, akasema hii imekula upepo wote wa Tanganyika. Niliisoma nikiwa nimesimama majini.

Yaya, nilikwisha kuchoma. Ilikuwa jana.

Nitakuambia ilivyokuwa, bila kuongeza wala kujitetea. Nilisubiri mashua hadi ibada ikaisha. Nilimwomba chefu siku moja zaidi. Akamwangalia Mama Élisabeth, nami nikamwangalia, na wote wawili tukaona kwamba hana siku moja zaidi. Falone alikuwa amemkalisha, amemwegemeza kifuani kwake. Nikaandika mbele yao. Jina langu, Baba, Mama, Kabalo. Jina lako. Hapo nikatua. Ningeweza kuacha pale; karatasi ilikuwa mikononi mwangu na wengi wao hawasomi. Lakini nilitakiwa kusoma kwa sauti, na niliona kwamba nikiacha neno lolote nililowaandikia wao, nitakuwa nimejitoa mimi na kuwaacha wao humo. Nikajiambia huna mtoto. Nikaandika, nikasoma: na watoto wake.

Karatasi ilikataa kushika mara mbili kwa sababu ya upepo. Mara ya tatu ikashika.

Mama Élisabeth aliomba uji. Alikula vijiko vinne, Falone akimfuta kidevu. Kisha akaniita, akanishika kifundo cha mkono kwa vidole vilivyokuwa baridi, akasema:

"Sasa tuko wote humo ndani."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayenikaribisha nyumbani. Leo amekula tena, amekaa mlangoni anachambua maharage. Mashine imerudishwa, na wanaume wamehamisha nyavu zao. Papa Numbi ameomba jambo moja tu: nikienda Kalemie, watajuaje kama bado mzima? Nikakubali kukaa hadi mwisho wa Agosti, wanione kila siku natembea, nakula, naamka. Nilikubali kwa moyo mwepesi. Nilikuwa bado sijaisoma barua yako.

Tangu niisome nimejaribu kila hoja niliyompa Mama Élisabeth. Karatasi si mtu. Kilichokuja baada si kilicholetwa. Nilikuwa sijui, na asiyejua hawezi kukusudia. Zote ni sahihi, nimezichunguza, hazina ufa. Na zote zinaishia hapa kooni, hazishuki. Nadhani ndivyo zilivyoishia kwake pia wakati nikimhutubia saa nzima naye akinishukuru.

Chris ananiita nile kabla hawajaondoka. Sijaweza. Nimewatazama wakikaanga samaki, kisha nikageukia kreti. Falone aliniona. Aliweka kikombe cha maji kando ya kreti, akaondoka, kama alivyokuwa akimfanyia Mama Élisabeth.

Ningeweza kutembea hadi Mpala leo, nikupigie kesho asubuhi. Nimefikiria. Ukweli ni kwamba naogopa utakavyopokea; ningejua kwa pumzi yako ya kwanza, kabla hujasema. Kwa hiyo nasubiri mashua. Niandikie neno moja tu, lolote lile, lakini liwe la kweli, usinifiche kama ulivyonificha, hata kama ulikuwa na haki ya kunificha.

Sikuombi unisamehe. Nakuomba unijulishe.

Guelord

*

Kalemie, Ijumaa, 26 Julai 2024

Guelord mdogo wangu,

Anacheza. Nimeanza na hilo ili uweze kuvuta pumzi na kusoma yaliyobaki.

Falone alinikabidhi barua yako Jumatano, mbele ya mama yake, ambaye alikuwa amemshika mwanawe mkono na hakuuachia muda wote. Sikuifungua mbele yao. Nilikaa kwenye benchi ya wagonjwa nikaisoma, kisha nikakaa nayo hata mwenzangu wa zamu akaja kuniuliza kama nimepokea habari ya msiba.

Nilikukasirikia. Bado. Ungeweza kusubiri, nilijiambia, hata saa mbili. Halafu nikamfikiria yule mama kifuani kwa Falone, nikajua kwamba ningekuwa mimi zamu siku ile, nisingesubiri.

Nilimwomba mwenzangu anipime. Akaweka kile kikombe cha mbao tumboni, sikio lake upande wa pili, akasikiliza, akasema moyo unapiga vizuri. Baada ya saa moja nikamwomba tena. Kabla hatujafunga zamu nikamwomba mara ya tatu, akaniangalia kwa namna ambayo mimi huwaangalia wajawazito wenye woga, wale ninaowaambia waende nyumbani wakapumzike. Sikwenda kazini jana. Nililala ubavu, nikiwa nimeweka kiganja hapo, nikihesabu. Muuguzi wa miaka kumi na moja. Basi usidhani uko peke yako humo.

Sasa fanya ninalokuambia. Kula. Uji kwanza, usirukie bukari. Ukishindwa kula mbele za watu, nenda ukae mlangoni kwa Mama Élisabeth mle pamoja, na usimweleze chochote, yeye anajua. Nenda kwa mjane wa Papa Kalenga. Kinena usikitaje. Kaa tu, hadi akuruhusu kuondoka. Na zile nyumba sitini na moja nyingine zipitie tena, bila daftari.

Chérubin amerudi kutoka Manono baada ya mimi kumsomea barua zako kwenye simu. Alisafiri usiku na mchana. Hakukulaumu. Alisema mtoto asingoje kuzaliwa, tumwite sasa hivi, ili kama kuna kitu kinamtafuta kwa jina la "watoto wake" kisimkute. Nilimcheka. Kisha tukampa jina, sisi wawili, mlango ukiwa umefungwa.

Ni jina zuri, na wewe utalipenda. Sitaliandika hapa. Ukirudi nitakuambia sikioni.

Yaya wako